Kopo la Mawe

Nyanguge tulikulia juu ya mawe.
Tulianika michembe juu yake, tukateleza kwa makalio
hadi kaptula zikatoboka, tukachapwa.
Jiwe kwetu lilikuwa kitu cha chini,
kitu cha kukalia.
Ndiyo maana siku ile ya Machi
hatukujua tukiite nini kilichoanguka.

Kwanza ziwa lilibadilika rangi,
likawa kama tako la sufuria.
Kisha ng'ombe wakarudi wenyewe, saa nane mchana,
bila Lushinge aliyekuwa akiwachunga,
wakajibana penye minyaa ya zizi,
wote wakitazama upande mmoja.
Bibi Nyanzobe akafunika kioo kwa kanga,
akamvua Holo gauni jekundu,
akatusukumia chini ya kitanda cha kamba
kama mtu anayeficha mbegu.

Kisha bati.
Sijui nisemeje. Tulikuwa na bati kumi na nane,
baba alizinunua mwaka ule pamba ilipolipa,
na hadi siku hiyo zilikuwa fahari yetu.
Zikapiga kelele zote kwa mara moja.
Holo alifungua kinywa, nikaona analia,
sikumsikia.
Bibi akafungua mlango kidogo, akautupa mchi nje,
mchi wa kutwangia, katikati ya uwanja,
akarudi akaketi, mikono mapajani,
kama mtu aliyekwisha kusema yake.

Mchi haukusikilizwa.

Ilipokoma, uwanja ulikuwa mweupe.
Kuku wawili wamelala humo, mbawa wazi.
Tulitoka pekupeku. Baridi ile ilikuwa na meno.
Tukayaokota, tukayala. Yalikuwa na ladha ya bati,
ya vumbi kidogo, kisha ya kutokuwa na kitu.
Tulicheka. Naona aibu kulisema,
tulicheka, tukarushiana,
na mama amesimama ukingoni mwa shamba,
mikono kichwani, kama aliye msibani.
Pamba ilikuwa imeanza kutoa maua.
Vikabaki vijiti.
Ekari tatu za vijiti, na deni la mbegu kule chamani
halikupigwa na jiwe hata moja.

Lushinge alikutwa jioni ubavuni mwa jabali,
mzima, amemkumbatia ndama,
sikio likivuja damu.
Walipomuuliza alisema, "Ndama hajanyonya."
Hakuongeza lingine, wala hakuwahi kuongeza.

Mimi nilijaza kopo la Kimbo.
Nilikandamiza mfuniko kwa kisigino,
nikalizika ghalani ndani ya mtama
ili baba akirudi kutoka Mwanza aone kwa macho yake,
asije akasema watoto wana maneno.

Alirudi siku ya pili, usiku,
miguu ina matope ya shambani: alikuwa amepita huko kwanza.
Hakuna aliyemsalimu kwa sauti.
Nikamletea kopo. Nikafungua.

Maji. Na kipande cha jani la pamba,
kimechanika, kinaelea.

Aliyatazama sana. Kibatari kilitetemesha kivuli chake ukutani.
Kisha akayanywa yote, na jani lake,
akafuta ndevu,
akasema, "Yalikuwa makubwa."
Halikuwa swali.

Sasa nafanya kazi kiwandani, Igogo,
zamu ya usiku, koleo mkononi:
nawafunika sangara kwa barafu.
Buti za mpira, glavu, koti la kukodi.
Wakati mwingine naweka punje moja ulimini.
Si ile. Hii ina ladha ya bomba.
Lakini mashine inapotema,
mashine inapotema ghafla juu ya sinia za bati,
wenzangu huendelea na soga zao za mpira,
na mimi koleo husimama hewani,
natazama vinywa vya watu,
kimoja kimoja,
nione nani analia.