Nyaya Mbili za Kahawia

Siwema, binti yangu, kapata mshahara wa kwanza
akaninunulia redio ya gari. Kioo kipana kama sinia,
besi yake, asema, itawaamsha majirani na paka wao.
"Baba, hiyo ya zamani kikongwe. Itoe."

Nikapeleka gari kwa Kazik, kule Bletchley,
gereji yenye birika lililoungua kitako.
Akabandua dashibodi kwa kisu cha plastiki, taratibu,
kama abanduaye plasta kwenye goti la mtoto,
kisha akasema bila kuinua kichwa:
muziki utapata. Ramani itabaki kwenye kioo chake.
Ila yule mama anayekuelekeza atakuwa bubu.
Sauti yake hupitia redio ya kiwandani;
ukiing'oa, umemkata koo.

Nikasimama na kikombe changu.

Nimweleze vipi Kazik?
Nilifika Milton Keynes mwezi wa Januari,
mji uliopigwa rula, barabara zina herufi na namba,
na kila baada ya pumzi mbili, kipilefti.
Neno hilo tulilichukua kwao, tukalivika kanzu,
nami nilipolirudisha nyumbani kwake
hakuna aliyelitambua.
Msimamizi wa ghala: unasema?
Mwenye nyumba: unasema?
Dirisha la posta, unasema, unasema,
mpaka nikawa nazimeza sentensi kabla hazijaiva.

Yule mama hakuniuliza hata siku moja.
Nilimwita Bi Dira. Saa kumi alfajiri, zamu imekwisha,
ukungu umeilalia H6 kama godoro lililoloa,
yeye peke yake yu macho.
Baada ya mita mia tatu, tokea njia ya pili.
Nikikosea, hakusonya.
Alinyamaza kidogo, akapiga hesabu upya,
akanianzishia safari pale pale nilipokosea.
Niambie, ni wangapi wamekufanyia hivyo?
Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia;
hawakusema nani atakaa nawe wakati umepotea.

Kiingereza changu cha kwanza kilichonyooka ni chake.
Nilikuwa namfuatisha, peke yangu garini:
geuka, endelea, umefika.
Umefika! Hilo nililirudia mara tatu
mbele ya chumba cha kupanga kisicho na pazia.

Hayo yote sikumwambia Kazik.
Nilisema tu: mama huyo simtoi.

Akanitazama. Akajikuna kidevu kwa bisibisi.
Akalala chali sakafuni mwa gari, tochi mdomoni,
akavuta nyaya mbili za kahawia, mmoja una mstari mweupe,
nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
"Huyu hapa," akasema.
Mwanamke mzima, kati ya vidole viwili.

Akatafuta spika ya saa ya mezani iliyokufa,
akaunga, akafunga kwa utepe mweusi,
akaibana chini ya usukani, karibu na goti langu.
Pauni kumi na tano. Spika, akasema, ni sadaka.

Sasa besi ya Siwema yavimba kifuani mwa gari
na huku gotini sauti nyembamba
kama jirani aombaye chumvi kupitia ukutani.
Wakati mwingine simsikii vizuri.
Wakati mwingine namjibu.

Ramani yake imezeeka. Jumamosi tulishika barabara mpya
nje ya Wolverton, na kwenye kioo chake
gari letu likawa linaelea katikati ya shamba.
Geuka urudi, akasema. Ikiwezekana, geuka urudi.
Siwema akacheka. Kisha akanyoosha mkono,
akapunguza muziki.
"Anasemaje?"
Anasema tumepotea, nikamwambia,
na mimi nilikuwa najua vizuri tulipo.
Nikamwacha atuhangaikie
mpaka kwenye kipilefti.