Ukucha na Gome

Nyuma ya nyumba ya mama, Dolgellau, Januari:
ukuta wa mawe hauonekani.
Kamba juu ya kamba, kahawia imekaba kijivu,
na hakuna hata jani moja la kuniambia nani ni nani.

Kiangazi ningewajua. Ua hujitangaza.
Sasa kila mmoja amevaa gome, amenyamaza,
nami nina mkasi, msumeno mdogo, na glavu za mama
ambazo bado zina umbo la vidole vyake.

Nakwaruza kwa ukucha. Chini ya gome, kijani: yu hai.
Namfunga uzi mwekundu wa sufu.
Nakwaruza mwingine: mkavu, rangi ya biskuti. Nakata.
Huyu anachunika kama karatasi ya zamani,
yule ana mbegu za manyoya, ndevu za mzee asiyenyoa,
na huyu wa pembeni ameing'ang'ania chokaa kwa miguu elfu,
nikimvuta anakuja na ukuta.
Mfereji wa paa ameupinda.
Idwal, jirani, anachungulia:
"Kata yote, Mererid. Ukiulizauliza utakesha."

Jumapili nampelekea mama vijiti saba ndani ya gazeti.
Nyumba ya wazee inanuka supu na sabuni.
Ananiita Nesta. Nesta ni dada yake,
yuko kaburini tangu nikiwa shuleni.
Kisha anashika kijiti cha kwanza,
anakisugua, anakinusa,
anakigeuza aone kilijisokota kuelekea wapi,
na majina yanatoka, kwa Kiwelisi,
yakisukumana kama watoto kengele ikilia.
Gwyddfid, huyo mwenye maua ya asali: mpunguze nusu, usimwonee.
Huyu mwizi. Huyu sikumpanda mimi, ndege walimleta.

Cha saba anakaa nacho.
Chai inapoa.
"Huyu nilimpanda mwaka aliozaliwa Mererid.
Mvivu. Hujifanya maiti hadi Mei.
Usimguse, Nesta."

Nikasema sawa.

Ijumaa nilikuwa nimeshamkata, chini kabisa, karibu na udongo.
Gome lilikuwa gumu, ukucha haukupenya,
na baridi ilikuwa kali, na nilikuwa nimechoka kuuliza.
Usiku nimetoka na tochi.
Kisiki kina duara jeupe, bichi, upana wa kisahani.
Juu, chini ya dirisha la chumba chake,
machipukizi yamekunja ngumi, yanangoja.
Habari haijayafikia.

Nimekifunga kisiki uzi mwekundu.