Nyayo Mbili Chini

Nilifika dukani kwa Ilpo mwezi wa nne, hapa Oulu,
theluji ya mwisho imerundikwa nyuma ya karakana, nyeusi kama masizi,
na mto haujaamua kama utayeyuka.
Suruali yangu ilinuka supu ya njegere.
Alhamisi ni njegere: watoto mia tatu na kumi,
na mwiko mrefu kama kasia.

Nina miaka arobaini na sita.
Leseni yangu ilikuwa na wiki mbili.

Ilpo alinipeleka moja kwa moja kwa ile nyekundu.
Akalipapasa tangi lake kama anayeuza farasi.
"Mia sita, silinda nne. Ile ndogo kule
itakuchosha kabla viazi havijakomaa.
Watu wote hurudi kwangu wakitaka kubwa."
Watu wote. Nikamwuliza majina yao.
Akacheka, akajipangusa mikono
kwa kitambaa kisichobakiwa na mahali pasafi.

Niliipanda. Sitasema uongo, niliipanda.
Moyo ukagonga kama kifuniko cha sufuria inayochemka.
Nikalilalia tangi, na kwenye kioo cha dirisha
nikamwona mwanamke nisiyemjua,
ana haraka ya kwenda mahali ambapo hakuna anayemngoja.
Nilimpenda kidogo.
Kisha nikaitafuta sakafu.
Kidole gumba cha kushoto kiliipata.
Cha kulia kiliipungia kwa mbali.

Kilo mia mbili na tatu.
Mimi ni mbeba masufuria, najua uzito unavyozungumza:
ukisimama wima hauna neno,
ukiinama kidogo huanza kudai,
ukizidi hapo haudai tena. Unachukua.

Na barabara zetu wakati huu zimejaa changarawe
waliyotumwagia tusiteleze kwenye barafu.
Kilichotuokoa Januari
ndicho kinachotuvizia konani Mei.

Raakel, mwalimu wangu, hajui kupandisha sauti.
Siku ya tatu aliiangusha pikipiki makusudi, uwanjani, kwenye tope,
akaniambia: inyanyue.
Ipe mgongo, kunja magoti, rudi kinyumenyume.
Nilinyanyua. Nililia pia, lakini nilinyanyua.
"Utakayoweza kuiinua peke yako," akasema,
"mvua inanyesha na hakuna anayekutazama,
hiyo ndiyo yako. Nyingine ni za picha."

Nikashuka.
Kule mwisho, jirani na choo, betri imetolewa:
mia mbili na hamsini,
rangi ya kijivu iliyokata tamaa ya kuwa buluu,
kikwaruzo kirefu ubavuni.
Mtu fulani alisomea hapa kabla yangu
na ada akalipa yeye.
Nikaketi. Nyayo mbili chini, visigino vikakanyaga saruji,
kama niko jikoni kwangu namenya karoti.
Nikaiinamisha kushoto, ikaja. Kulia, ikaja.
Klachi ilitii vidole viwili.

"Itakuchosha," Ilpo akarudia, safari hii bila nguvu.

Inichoshe?
Nimekoroga uji miaka ishirini na miwili.
Najua uchovu wa moyo hutoka wapi,
na hautoki kwenye udogo wa chungu.

Chenji ilininunulia koti lenye mabamba viwikoni,
glavu, na buti zinazolia nikipanda ngazi.
Binti yangu Saimi alisema nafanana na mende.
Sawa. Mende huishi sana.

Ijumaa niliifuata, betri imerudishwa.
Ilizima mara tatu kabla sijafika langoni.
Ilpo, namshukuru, alijifanya anahesabu tairi.
Ya nne ikakubali.

Penye kona ya duka la mikate changarawe ilitandazwa kama mtama unaoanikwa.
Nikapita polepole, polepole mno,
hata bibi mmoja mwenye baiskeli, vitunguu kikapuni,
akanipita, akanipungia mkono.

Sikumpungia.
Mikono yangu ilikuwa na kazi.