Maombi ya Kazi

Alikuja mvua ilipoanuka, suruali kaikunja hadi ugokoni,
karatasi kaifutika ndani ya Biblia.
Duka langu liko nyuma ya stendi ya Moshi:
kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti.
"Nichapie barua," akasema, "ya kuomba kazi."
Nikazitazama mvi. "Kazi gani, Mwalimu?"
"Timu ya taifa haina kocha tangu Jumanne.
Kwani wewe husikilizi redio?"

Nasikiliza. Wiki ile mji mzima ulikuwa kamati ya uteuzi.
Muuza parachichi wa Mbuyuni alimtaka Mreno,
fundi cherehani jirani yangu alitaka mzawa,
maana huwezi, alisema, kugombezwa kwa mkalimani.
Na shemeji yangu, ambaye hajawahi kulipa kiingilio,
aliapa: akija tena mtu asiyejua kuzuia kona
king'amuzi anakirudisha dukani.

Kigezo cha kwanza: leseni ya daraja A.
Mwalimu Ndetaramo Kileo ana cheti cha wiki mbili,
Marangu, mwaka wa sabini na nane.
Mende wamekila pembeni; jina hawakuligusa.

Kigezo cha pili: uzoefu wa kimataifa.
"Andika Taveta. Tuliwafunga mbili bila,
lori likagoma, tukarudi kwa miguu mpaka Himo
tukiimba."

Kigezo cha tatu: falsafa ya mchezo.
Hapo alinyamaza. Printa ikakohoa yenyewe.
"Andika: mwenye mpira asiachwe peke yake.
Andika: mtoto akikosea pasi
usimwite kwa jina la baba yake.
Basi. Weka nukta."

Nikaweka nukta.
Kurasa mbili, mia tano mia tano.
Nikasema moja nakupa. Akakataa:
kocha wa taifa hapokei cha bure.

Wiki ya tatu shirikisho likatangaza.
Jina refu, lenye herufi zisizokuwemo kwenye kibodi yangu.
Mbuyuni wakashangilia, fundi akasonya,
shemeji akasema tusubiri kona ya kwanza.

Kesho yake Mwalimu huyo mlangoni.
Pole nilikuwa nimeshaiandaa; haikutumika.
"Nichapie nyingine. Anwani ileile, kwa kocha mpya.
Mwambie karibu.
Mwambie huku kwetu asubuhi mpira ni mwepesi,
jioni nyasi zikilowa unakuwa jiwe.
Mwambie akimwona beki wa kushoto anatazama jukwaani,
anatazama tena, mpira unampita,
huyo hajachoka, kuna mtu anamtafuta.
Amtoe kidogo. Ampe maji. Asimtukane.
Halafu chini weka kikosi."

Akataja majina bila karatasi, kama anaita mahudhurio.
Golini Tumsifu, siku hizi mpagazi, anabeba mizigo ya wageni mlimani.
Mbili, Shafii wa Pasua, ana bucha.
Nne na tano mapacha wa Rau,
refa alimpa mmoja kadi ya njano, akatoka mwingine.
Kundaeli. Barnaba. Saba ni Mbaraka,
aliyezikwa mwaka juzi, Njoro.
"Huyo mwache palepale, winga ya kulia.
Sasa nani atamkaba?"

Tukafika kumi na moja.
"Umeruka namba tatu, Mwalimu."
Akavua miwani, akaipangusa kwa shati,
shati lenyewe limelowa.
"Hiyo unaijua mwenyewe."

Baba yetu hakuwahi kuja uwanjani, hata fainali.
Mimi nilikuja; nilikuwa mfupi, nyuma ya watu,
nikipunga mkono asikoangalia.
Nikapandisha mshale mpaka namba tatu
nikachapa jina la kaka yangu,
lake tu, la ubini nikaliacha.

Mwalimu akasoma, kidole chini ya kila mstari.
Hakusahihisha kitu.
Akalipa elfu moja. Akadai risiti.