Hesabu ya Safari ya Newala

Daftari hili ni la kikundi chetu, Tupendane B, Chikongola,
na mimi ndiye mhazini, kwa hiyo mtanisamehe
nikianza na pesa:
koasta laki nne na nusu, dereva kula juu yetu,
sare za kitenge cha njano na zambarau
ambazo Skolastika alisema zimetufanya mapazia.

Mwaka mzima tuliweka elfu mbili kila Jumamosi,
si ya msiba, si ya ada,
ya kwenda kula.
Waume walicheka: kula nako kuna safari?
Tukaondoka saa kumi na mbili kasoro,
matumbo matupu kwa makubaliano.

Nanyamba, njugu mawe za chumvi, bado zinafuka moshi.
Somoe alimaliza zake akaanza za dereva.
Tandahimba, korosho juu ya bati la matundu,
mafuta yake yanashika moto yenyewe,
moshi unakuingia machoni kama mtu unayemdai.
Tukazipasua kwa jiwe. Vidole vyeusi.
Hakuna aliyekumbuka kupiga picha.

Mahuta ndipo nilipoharibikiwa.
Kijana wetu wa kutuongoza, Ajabu, mwenye kofia ya chama cha msingi,
aliinua mng'oko mmoja juu kama mwalimu ameshika chaki:
"Akina mama, hiki ndicho chakula chetu cha asili."
Sahani elfu mbili. Jani la mgomba chini, ndimu pembeni,
pilipili kwenye kisosi chake peke yake.

Mama yangu aliichimba ming'oko hiyo
mwaka ambao mvua iligoma,
kwa jembe lililolika likabaki kama kijiko,
akaichemsha bila chumvi kwa kuwa chumvi ilikuwa kwa jirani
na jirani alikuwa amechoka kuombwa.
Tulikatazwa kusema shuleni tumekula nini.

Nililipa. Nikaandika: ming'oko, sahani kumi na tisa.
Ilikuwa mitamu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Newala tulifika jua limeanza kulegea,
uani kwa Bi Nambunga, mabibo yamerundikwa,
mekundu huku, ya njano kule, nyuki hawana habari na sisi.
Esha na wenzake wa swala walipewa juisi iliyokamuliwa saa ile.
Sisi wengine, uraka.
Ajabu akatufundisha: kwanza unanusa,
kisha unauzungusha mdomoni, usimeze upesi.
Bi Nambunga akamtazama mpaka akanyamaza.
"Uraka haunuswi, mwanangu. Asubuhi ni mtoto,
jioni ni mtu mzima, kesho ni ugomvi.
Wahini kuunywa."

Tukauwahi. Ukakasi ukatukaza mashavu,
halafu utamu ukaja nyuma, kama mgeni aliyepotea njia.

"Na ninyi wageni mmetoka wapi?"
Nikawahi mimi: Mtwara mjini.
Sikudanganya. Miaka thelathini na moja ni mji.
Lakini nilikuwa nimeokota bibo
na mkono, bila kuniuliza,
ukalishika kitako, ukaikonyoa korosho kwa msokoto mmoja,
ukaitupa begani bila kuangalia inaangukia wapi.

Bi Nambunga akaweka kata chini.
"Mgeni hakonyoi hivyo. Wewe wa nani?"

Nikamtaja mama.
Pale uani hakuna aliyecheka, hata Somoe.
Hakusema alimjua. Hakusema hakumjua.
Alichota tena, akajaza kikombe changu mpaka kikamwagika
kwenye kitenge cha sare, pajani,
na kila mtu wa huku anajua: doa la bibo
halijui sabuni.

Basi wanakikundi, hesabu ni hii.
Uraka, vikombe ishirini.
Vilivyolipiwa, kumi na tisa.
Nilimwekea pesa mkononi mara mbili, mara mbili akaifunga ngumi yangu
akanirudishia.
Nimetafuta safu ya kukiandika hicho kimoja.
Mapato hakimo. Deni sitaki kuliita deni.
Skolastika anasema kifute tu, daftari lisawazike.

Nimekiacha.