Wiki Mbili za Petroli

Mimi ni mtu wa hesabu.
Miaka thelathini na mmoja nimeandika vitabu vya kiwanda cha mbao
hapa Sodankylä, ambako jua la Desemba
hupiga hodi nyuma ya misonobari
likaondoka kabla hujasema karibu.
Senti moja haijawahi kunipotea.

Ndiyo maana nililiona.
Julai, tangi la gari la Urho lilifika wiki sita.
Januari, nne.
Njia ile ile, kilomita kumi na moja kwenda,
kumi na moja kurudi,
na saa ya kilomita ilishakufa zamani, haina ushahidi.
Wiki mbili nzima za petroli
zinakwenda wapi?

Kikulacho ki nguoni mwako, nami nikapekua nguo:
risiti ya kahawa, msumari,
glavu za kijivu ambazo sikuzifuma mimi.
Njia panda ya Pahajoki yupo Helvi, muuza nyuzi za sufu.
Nikapiga hesabu. Petroli iliyopotea
ingemfikisha mtu kwa Helvi na kumrudisha
mara kumi na mbili.
Usiku nikawa nampa Urho mgongo,
naye akidhani ni baridi.

Ijumaa nikampelekea gari fundi Sini,
msichana mwenye oili kwenye nyusi,
mdomo umejaa mkate wa shayiri.
"Tangi linavuja," nikadanganya.
Akalala chini, akachungulia, akacheka.

"Halivuji, mama. Linaona baridi.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri oili si oili tena,
ni asali iliyoganda; injini inaikoroga kama uji wa jana.
Petroli nayo ikipoa hukataa kugeuka mvuke,
basi injini hujimiminia ya ziada,
nyingine iwake, nyingine ipotelee bombani.
Tairi zimesinyaa. Mlizijaza upepo lini?
Hewa yenyewe nzito, gari linaipenya kwa mabega.
Na hita, na taa mchana kutwa, na kioo cha nyuma, na kiti:
nani analipa? Si petroli?
Halafu asubuhi analiacha linaunguruma uani, muda gani?"

Dakika ishirini, nikasema.

"Dakika ishirini za kilomita sifuri."
Akafuta mikono. "Na kilomita kumi na moja tu!
Injini ndiyo kwanza inapata joto,
mtu keshafika, keshazima.
Safari fupi ndiyo mlafi, mama."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu kingine:
habari za asubuhi, chumvi iko wapi, usiku mwema.
Miaka mingapi mimi na Urho tunawasha na kuzima
kabla oili haijalainika?

Siku hizi naamka saa kumi na moja alfajiri.
Natoka na waya, kope zinashikana,
naichomeka injini kwenye nguzo ya umeme uani,
ipashwe taratibu saa mbili
kabla mwenyewe hajavaa buti.
Tairi nimezijaza.
Jumapili namwambia tuzunguke, mbali,
hadi ng'ambo ya ziwa, bila sababu.
Mara ya kwanza alinitazama kama risiti asiyoikumbuka.
Kilomita ya ishirini hivi akaanza kuongea:
msumeno mpya, goti lake, mama yake alivyokuwa akiogopa radi.
Barafu ya kioo ikayeyuka polepole, kuanzia chini.

Tangi sasa linafika wiki tano na nusu
(za Jumapili nimezitoa).
Hiyo nusu iliyobaki sijaipatia jina.
Nimeichorea mstari wake daftarini, nikauacha mtupu,
na zile glavu za kijivu nimezitundika karibu na jiko
zikauke, avae.