Hesabu ya Kope

Jicho la kushoto: kumi na moja.
La kulia sihesabu, bado limevimba.
Nimesimama mlangoni na kioo cha mkononi,
Walukuba haijaanza kelele zake,
nazitafuta zilizobaki
kama mtu anayeokota mchele uliomwagika usiku.

Ilikuwa harusi ya Mutesi.
Nangobi alinibandika moja moja, pumzi ameibana,
gundi inanuka kama kiraka cha tairi.
"Fumba. Na kesho usilie,
hata ukimwona kaka yako analia."
Elfu arobaini. Nikalipa.
Siku tatu kila nikipepesa
nilisikia upepo wangu mwenyewe.
Ya nne zikaanza kuaga,
na zangu zikashikana nazo mikono, zikaenda:
wageni wameondoka na watoto wa nyumba.

Wiki hiyohiyo akaja bibi Naigaga kutoka Kamuli,
kibano kimefungwa kwenye pindo la leso.
Kope zake zilikwisha pinda, zikageukia ndani,
kila akipepesa zinalima mboni.
Miaka tisa alizing'oa Jumapili baada ya kanisa,
mgongo ukutani, uso juani,
na Jumapili ya pili zimerudi, fupi, ngumu,
magugu yaliyoonja mvua.
Aliponitazama alicheka mpaka akashika meza.
"Mimi nahangaika zitoke, wewe unalipa zije!
Tungeonana mapema
tungebadilishana, na chenji ungenirudishia."

Nikampeleka hospitali.
Mganga akapasua ule ukingo, akaupindua nje,
akaushona.
Bandeji ilipofunguliwa, nyuzi nne nyeusi
zilisimama juu ya jicho lake,
na nyuma ya nyuzi, vikope vitatu vya kijivu
vikitazama nje, barabarani,
kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa kila jioni beseni ni mbili.
Maji safi, sabuni kidogo, taulo yake, taulo yangu,
hilo la taulo halijadiliwi.
Kufuta, si kusugua.
Wanja hauingii kitandani na mtu.
Kisha kijiti cha pamba na tone la mafuta ya mbarika,
taratibu, mizizini, kama unampaka mtoto
aliyekwisha lala.
"Yanaotesha kweli, bibi?"
"Mbarika iko nyuma ya choo cha kila mtu, mbona hatuna manyoya?
Kinachoota ni siku.
Mafuta ni ya kukupa kazi mikono
ili uziache."

Na mimi kuziacha ndiko kunakonishinda.

Jana walichoma miwa upande wa Kakira.
Majivu yakaja juu ya mabati, marefu, mepesi,
yakatua kwenye shuka nyeupe za jirani,
kwenye sufuria ya maziwa, kwenye nywele.
Moja likanijia usoni.
Jicho la kulia, lililo wazi kama nyumba isiyo na mlango,
likalipokea lote, likalia mpaka magharibi.
La kushoto likafumba kabla sijafikiri:
kumi na moja, walinzi wachovu wasiolipwa,
na jivu likabaki limening'inia nje
kama barua isiyo na anwani.
Macho hayana pazia, husema watu.
Waje waniulize mimi
niliyelichana langu kwa pesa zangu.

Leo asubuhi nimehesabu tena.
Bibi yuko uani, anaosha uso, hanitazami.
"Ngapi?"
Nimekisogeza kioo kwenye mwanga.
Pale pembeni, karibu na pua,
nukta. Ncha ya kalamu ya risasi. Labda vumbi.
Nimepuliza. Haikuondoka.

"Kumi na moja na nusu."

Ametikisa maji mikononi,
akatafuta taulo yake kwa kupapasa, macho yamefumbwa.

"Hiyo nusu," akasema, "usiishike."